Ukuta wa Jikoni Kwetu

Msusi wangu pale Msamvu ana chupa ndogo ya mafuta ya nyonyo. Siku hizi kila mtu anayatafuta, wanasema yanajaza nywele. Jumamosi iliyopita aliifungua nikiwa nimeinamisha kichwa, akamimina kidogo kiganjani, na kabla mkono wake haujanigusa mwili wangu wote ukasisimka.

"Vipi dada, unasikia baridi?"

"Hapana, endelea tu."

"Au hupendi harufu yake? Wengine hawaipendi. Nina ya nazi pia, usiogope kusema."

"Naijua hiyo harufu," nikamwambia. "Endelea."

Alinisuka vizuri, lakini nilitoka pale moyo bado unakimbia. Mwanamke mzima, mwenye watoto wanaosoma, naogopa mafuta ya nywele. Nataka niwaeleze kwa nini, tena polepole, maana nadhani wengi wa rika langu mna harufu yenu ya namna hii, na labda hamjawahi kukaa nayo mkaiuliza imetoka wapi.

Nyumba yetu ilikuwa juu milimani, mahali ambapo asubuhi huwezi kuona mgomba ulio mbele ya mlango. Ukungu ulikuwa ukipanda kutoka bondeni kama moshi wa kuni mbichi, unaingia ndani bila hodi, unakaa mpaka saa nne. Watoto wenzangu waliupita mbio kwenda shule, wakishuka kwenye makalavati, vile vidaraja vya mawe, na kupanda ng'ambo ya pili. Mimi sikuweza. Nilikuwa na kifua kilichobana. Nikipanda mlima kwenye baridi, pumzi ilikuwa ikitoa mlio kama kifaranga aliyefunikwa na bakuli. Sista wa zahanati ya misheni alimwambia Mama: asipande ule mlima asubuhi, si mwaka huu, mngojeeni akomae.

Basi Mama akaamua kunifundisha mwenyewe. Yeye alikuwa ameishia darasa la saba, hakuwa na ubao wala chaki. Alikuwa na jiko la mafiga matatu, ungo, jembe na mimi. Alikuwa akitandaza majivu ya baridi juu ya ungo, ananishika kidole, tunaandika herufi. Tukikosea, anautikisa ungo kidogo, kosa linapotea. Mpaka leo sijaona ubao mzuri kuliko ule. Kusoma tulianzia kwenye pakiti ya chumvi, tukaenda kwenye kopo la mafuta ya kupikia, tukamalizia kwenye mfuko wa mbolea uliotundikwa mlangoni kuzuia upepo. Kujumlisha nilijifunza kwa kufunga karoti mafungu ya kupeleka sokoni. Kutoa nilijifunza kwa maharage, kwa sababu yaliyotobolewa na wadudu yalikuwa lazima yatoke.

Makumi nilifundishwa na Bibi, mama yake Mama, ambaye tuliishi naye. Alinipa rozari yake. "Shika hapa," aliniambia. "Punje kumi, halafu moja peke yake imekaa mbali. Kumi, halafu moja. Kila ukifika kwenye hii ya peke yake, jua umemaliza kumi." Nilikuwa nahesabu huku yeye anasali, na Mungu atatusamehe, kuna siku tulimaliza pamoja, yeye amefika kwenye Atukuzwe ya mwisho na mimi nimefika hamsini.

Jioni kifua kilipoanza kulia, Mama alikuwa akipasha mafuta ya nyonyo kwenye kifuniko cha sufuria na kunipaka kifuani na mgongoni. Bibi aliyatengeneza mwenyewe kwa mbegu zile zenye madoa kama kupe aliyeshiba, ambazo nilikatazwa kabisa kuziweka mdomoni. Harufu yake ni nzito, kama karanga zilizosahaulika kwenye moto. Hapo mwanzo niliipenda. Ilikuwa harufu ya mikono ya Mama.

Sasa niwaeleze kuhusu ukuta.

Jiko letu lilikuwa limeegemea nyumba ya Mama Mkubwa, dada yake Mama. Ukuta wa udongo ulikuwa mmoja: huku ni jiko letu, kule ni chumba chake cha ndani. Na mwaka ule, katika chumba hicho, alikuwa amewekwa Dada Stela, binti yake. Alikuwa mwali. Ninyi mliokulia milimani hamhitaji kuelezwa, lakini wenzetu wa mbali wajue tu kwamba msichana akishavunja ungo, kwetu anakaa ndani kwa muda, haonekani na wanaume, anatunzwa, anapakwa mafuta, na wanawake wazima wanaingia kumfundisha mambo ya utu uzima. Zamani muda huo ulikuwa mrefu mno. Wakati wetu ulikuwa umeshapunguzwa, na Dada Stela, aliyekuwa amemaliza darasa la saba, aliwekwa kwenye zile wiki ambazo watoto wanangoja matokeo.

Kwa hiyo zilikuwepo shule mbili zilizopeana migongo. Huku Mama ananiandikisha "a" kwenye majivu, kule wanawake wanamfundisha Stela kwa nyimbo na vitendawili. Ukutani palikuwa na ufa mahali fito zilipoliwa na mchwa, nao ulipitisha sauti yote, na harufu pia. Harufu ile ile.

Mimi nilikuwa mtoto wa kukaa na kusikiliza. Mtoto asiyeweza kukimbia husikia mengi. Nilikuwa nawasikia wakimtegea Stela, naye anajibu. Akikosea wanamcheka na kuimba upya. Akipata, wanapiga kigelegele. Sikuelewa hata moja kati ya yale mambo. Niliyashika tu, kama kasuku, kwa sababu yalikuwa na mdundo mzuri wa kupepetea maharage.

Halafu siku moja kigelegele hakikukoma. "Anajua!" nilimsikia mwanamke mmoja akipaza sauti. "Anajua yote! Huyu atoke!"

Wakamtoa. Ngoma ilipigwa, pombe ilinywewa, na mimi nilitazama nikiwa nimebebwa mgongoni kwa Mama. Dada Stela alikuja juu ya mabega ya mwanamke mwenye nguvu, anang'aa mafuta kuanzia kwenye paji la uso, shanga shingoni, kanga mpya kifuani. Huyu ndiye aliyekuwa akinichongea vijiti vya kuhesabia na kunirushia fyulisi kutoka juu ya mti. Nikamwita. "Dada Stela!" Hakunitazama. Nikaita tena kwa nguvu. Macho yake yalikuwa chini, uso umetulia kama wa sanamu ya kanisani, hata mdomo haukucheza. Leo najua mwali hatakiwi kuinua macho wala kucheka siku hiyo. Siku ile nilijua jambo jingine: nilijua kwamba dada yangu hayumo tena ndani ya yule mtu.

Haikupita wiki, Mjomba akaja. Mjomba alikuwa kaka yao kina Mama, mwenye duka la vifaa vya baiskeli mjini. Kwetu ukoo unafuata upande wa mama, na mjomba akisema neno kuhusu mtoto, baba mwenyewe hulisikiliza mara mbili. Na baba yangu, fundi wa ujenzi, alikuwa mjini karibu mwezi mzima kila mwezi. Mjomba alikunywa chai kwa Mama Mkubwa, akasimama, na Dada Stela akamfuata nyuma na kifurushi chake kichwani. Wakaingia kwenye ukungu. Kwanza likapotea kofia la Mjomba, kisha kifurushi. Hakuna aliyelia isipokuwa mimi.

"Anakwenda wapi?" niliuliza.

"Ngerengere," akasema Bibi, na akaendelea kupeta.

Kwa mtoto ambaye hajawahi kushuka mlima, Ngerengere na kaburini ni mahali pamoja.

Jioni ile ile Mama akapasha mafuta. Alipoanza kunipaka mgongoni, nikiwa nimetazama ufa wa ukuta ambao sasa ulikuwa kimya, niliunganisha mambo, moja baada ya jingine, kwa utulivu kabisa, jinsi alivyonifundisha mwenyewe kujumlisha. Stela alikaa ndani hakwenda shule. Na mimi nakaa ndani siendi shule. Stela alifundishwa na wanawake nyumbani. Na mimi pia. Stela alipakwa mafuta haya. Na mimi ndiyo haya napakwa. Stela alipojua yote, walimtoa, akawa sanamu, Mjomba akamchukua.

"Soma kwa bidii, mwanangu," Mama akasema nyuma yangu, mikono yake ikizunguka taratibu. "Mjomba atakuja tena mvua zikiisha. Nataka akute unajua yote."

Nilitetemeka. Akadhani ni baridi, akaongeza mafuta.

Hapa lazima niwaambie jambo ambalo sikulijua wakati ule, na ambalo Mama alinieleza nilipokuwa mkubwa. Mjomba hakuwa amekubaliana na shule ya jikoni. Siku ile alipomfuata Stela alimwambia Mama: "Dada, nyumba si shule. Mlete huyu mtoto mjini, kule hakuna baridi wala mlima. Mke wangu atamwangalia." Mama akamsihi. Mwishowe wakaafikiana: mvua zikiisha angekuja kunipima mwenyewe. Akikuta najifunza, nibaki mpaka kifua kipone. Akikuta sijui kitu, ashuke na mimi. Mama alikubali bila wasiwasi, kwa sababu alijua ninavyojua.

Mimi usiku ule niliamua nisijue.

Si kazi rahisi, kutojua. Jaribuni. Mtu akishakufundisha kusoma "CHUMVI", ile pakiti inakupigia kelele kila unapopita. Nilianza kidogo kidogo. Nikihesabu karoti, naruka saba. Mama ananisahihisha, naruka tena. Kwenye majivu naigeuza "b" ikatazama nyuma. Mwanzoni Mama alicheka, akasema labda nimechoka. Akanipa siku ya kupumzika, nikashinda nimekaa kwenye kizingiti nimeminya macho nisiusome mfuko wa mbolea.

"Tano na mbili?" Mama ananiuliza huku anamenya magimbi.

"Sijui."

"Unajua bwana. Juzi ulinitajia kabla sijamaliza kuuliza. Tano hizi hapa. Na mbili hizi. Ngapi?"

"Sijui, Mama."

Alikuwa mvumilivu, na uvumilivu wake ndio uliokuwa ukinitisha zaidi. Angenipiga ningeelewa. Yeye alianza upya, kutoka kwenye kidole cha kwanza, kwa sauti ile ile laini, kama mtu anayemwongoza kipofu njiani. Na kadiri alivyonifundisha vizuri ndivyo nilivyouona ukungu ukisogea na kofia la Mjomba limo ndani yake.

Mvua zilipokaribia kuisha nilimkuta shambani, kwenye tuta la njegere, amekaa chini na jembe limelala. Bibi alikuwa amesimama kando yake. Hawakuniona.

"Labda huu ugonjwa umemgusa kichwani," Mama alisema. "Mama, alikuwa anajua. Nilimsikia kwa masikio yangu. Sasa kila siku kinapungua kitu. Kama gunia lililotoboka."

"Watoto wengine ni kama magimbi," Bibi akamjibu. "Unaona majani tu, hujui chini kuna nini. Ngoja."

"Nangoja mpaka lini? Yule anakuja."

Akajifuta uso kwa upindo wa kanga. Sikuwahi kumwona Mama analia isipokuwa msibani. Nilirudi jikoni nikajikunja nyuma ya kuni, na pumzi ikaanza kile kilio chake cha kifaranga. Nilitaka kwenda kumwambia saba, Mama, tano na mbili ni saba. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Lakini niliona: nikisema saba, itabaki nane, halafu tisa, halafu nitakuwa najua yote, na atanipoteza kabisa. Nilidhani namwokoa.

Dalili nazo hazikukosekana. Uzi wa rozari ya Bibi ukakatika, akazikusanya punje zote kwenye bakuli na kukaa mlangoni anazitunga upya. Mimi niliona shanga. Jogoo akafungwa mguu na kuanza kulishwa pumba peke yake, niliona karamu. Mama Mkubwa akapitisha kichwa uani akaniangalia, akasema kwa utani wake wa siku zote, "Kanaanza kurefuka haka! Kesho kutwa tutakatafutia mchumba." Wakacheka wote. Mimi niliingia ndani nikapiga magoti, nikamwomba Mungu anifanye mfupi.

Mjomba alikuja siku ambayo ukungu haukuondoka asubuhi nzima. Tulisikia kikohozi chake kabla hatujamwona, halafu kofia, halafu yeye mwenyewe, na mkononi ana kifurushi. Kilipofunguliwa kilikuwa na sukari, sabuni, na kanga mpya.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mjomba wangu. Hujambo? Kifua kinasemaje?"

"Sijambo."

Kanga alimpa Mama. Nilimtazama anavyoikunjua na kuipima urefu kwa mikono, nikaikumbuka ile ya Dada Stela.

Alikaa kwenye kigoda mlangoni, Mama akamletea chai kwenye kikombe cha bati na chane ya ndizi mbivu. Bibi alikaa kwenye mkeka na rozari yake. Mimi nikasimamishwa katikati, nimepakwa mafuta tangu alfajiri kwa sababu ya ule ukungu. Nilikuwa nanukia kama Stela.

"Haya," Mjomba akasema kwa upole. Hakuwa mtu mbaya, nataka mlijue hilo. "Hapa kuna ndizi ngapi?"

Zilikuwa tisa. "Sijui," nikasema.

Akakata tatu akaziweka pembeni. "Na hizi?"

"Sijui."

"Ana aibu, kaka," Mama akasema haraka. "Mwanangu, si unajua hizi? Mwambie Mjomba. Si kama karoti zetu tu?"

Mjomba akachukua kijiti akachora "a" kwenye vumbi. Herufi ya kwanza kabisa. Ile ambayo kidole changu kiliweza kuiandika nikiwa usingizini.

"Hii inaitwaje?"

Nilimtazama Mama. Midomo yake ilikuwa imefunguka, imekaa tayari kwenye umbo la "a", bila sauti, ananipa. Mtu anakupa mkono ukiwa unazama na wewe unaamini mkono huo ndio utakaokuzamisha.

"Sijui."

Jogoo alikuwa anakwaruza kwa mguu wake uliofungwa. Mjomba akakifuta kile alichochora kwa kiatu chake, polepole, akamgeukia Mama.

"Dada, mimi sikulaumu. Umejitahidi. Lakini hata wewe umeona. Tukila nitashuka naye."

Mama aliinuka akaingia ndani. Kupitia mlangoni nilimwona anashusha kikapu, analitoa sweta langu kwenye kamba, analikunja mara mbili. Akachukua na gauni langu la Jumapili. Nikamfuata mpaka kitandani.

"Mama, naenda wapi?"

"Kwa Mjomba. Mjini. Utakwenda shule nzuri."

"Kwa sababu nimejua?"

Alisimama na gauni mkononi. "Nini?"

"Ananichukua kwa sababu nimejua?"

"Hapana, mwanangu," akasema. "Kwa sababu hujui."

Sijui niwaelezeje. Wazeni mmekaza mlango kwa mgongo wenu usiku kucha ili kitu kisiingie, halafu mnagundua kwamba kimo ndani, na mlango ndio uliokuwa njia yenu ya kutokea. Nilitoka mle ndani mbio. Nilimkimbilia Mjomba, nikaziangukia zile ndizi.

"Tisa!" nikapiga kelele. "Zilikuwa tisa! Ulikata tatu, zimebaki sita! Na ile ni a! Inafuata be, che, de!" Nilikuwa nalia na pumzi inanibana, kila neno linatoka na mlio wake. "Chumvi safi yenye madini joto! Weka mahali pakavu! Tano na mbili ni saba! Kumi, halafu moja peke yake! Njegere zinapandwa mvua ikipungua, maharage yaliyotobolewa hayapandwi, gimbi halimenywi kwa mkono wenye jeraha!"

"Taratibu, mtoto," Mjomba akasema, kikombe kimesimama njiani kuelekea mdomoni.

Lakini sikuweza kwenda taratibu. Niliogopa kwamba havitoshi. Nilifungua kila gunia nililokuwa nalo kichwani, na yale ya kwangu yalipokwisha, nikaendelea na yaliyokuwa nyuma yake. Nikaimba yale ya ukutani. Nikaanza na wimbo wa chungu kipya, nikauimba wote, na pale panapopigwa kofi nikapiga kofi. Sitauandika hapa. Waliochezwa unyago wanaujua, na ambao hawajachezwa hauwahusu, na wanaume hauwahusu kabisa.

Nilipofika kwenye ubeti wa pili ndipo Mjomba akatambua anachosikia. Kikombe kilianguka. Alisimama, akalivaa kofia ambalo tayari alikuwa amelivaa, akageuka kulia, akageuka kushoto, halafu mtu mzima yule mwenye duka mjini akaingia kwenye migomba kama mtu anayekimbizwa na nyuki.

"Nyamaza! Wee, nyamaza!" Bibi alinirukia na kuniziba mdomo kwa kiganja chote.

Kutoka kwake, nyuma ya ukuta, Mama Mkubwa akapaza sauti: "Nani huyo anaimba hayo mchana mbele ya wanaume? Mna wazimu huko?"

"Ni huyu!" Bibi akajibu, mkono bado umenikaba. "Ni huyu mjinga wetu asiyejua kitu!"

Kisha nikahisi kiganja chake kinatikisika. Nilidhani ni hasira. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye mkeka na punje za rozari zikamlala mapajani.

Mama hakucheka. Alipiga magoti mbele yangu, akanishika mabega, akasubiri mpaka pumzi yangu ikatulia kidogo.

"Ulisikia wapi?"

"Ukutani."

"Na hesabu zote hizi, siku zote ulikuwa unazijua?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Sasa kwa nini, mwanangu? Kwa nini?"

"Sitaki kutolewa," nikasema. "Sitaki Mjomba anichukue kama Dada Stela. Alijua yote, ndiyo maana akaondoka. Hata hakuniangalia."

Bibi aliacha kucheka. Mama akanitazama kwa muda, nikaona anapiga hesabu yake mwenyewe, anarudi nyuma siku kwa siku: mafuta, ukuta, karoti ya saba. Akanivuta kifuani. Halafu, kwa sababu ndivyo alivyokuwa, alinieleza, kitu kimoja kimoja, bila kuruka. Kwamba Stela hakuangalia mtu kwa sababu ndivyo mwali anavyofanya, na kwamba jioni yake alikula sahani mbili za wali na kuniulizia niko wapi, nikiwa nimelala. Kwamba yuko Ngerengere kwa Mama Mdogo, anajifunza cherehani, atarudi Krismasi. Kwamba mafuta ni ya kifua tu. Na kwamba siku yangu iko mbali sana, nitaiona inakuja, na yeye atakuwepo.

Nilimsikiliza. Siwezi kuwadanganya kwamba hofu ilitoka mara moja. Hofu ya mtoto haitoki kwa sababu umeielezea. Husogea tu kidogo ikupe nafasi ya kupumua.

Kutoka kwenye migomba tukasikia kikohozi. "Mmemaliza kuimba huko?" Mjomba akauliza bila kujitokeza. "Naweza kuja kunywa chai yangu?"

"Njoo, kaka," Mama akasema. "Kwisha."

Akaja, macho yake yakitazama kila mahali isipokuwa kwangu. Akakaa. Bibi akamwokotea kikombe, akakifuta, akammiminia nyingine. Alikunywa yote.

"Mtoto abaki," akasema hatimaye. "Ila ule ukuta, zibeni."

Kifua changu kilipona baadaye, nikavuka makalavati na wenzangu, nikasoma mpaka nilipofika. Lakini hadi leo mtu akiniuliza jambo ninalolijua vizuri, kabla ya kujibu kuna kitu ndani yangu kinachonusa hewa kwanza. Na nikikutana na mtoto anayesema "sijui" huku macho yake yanajua, simharakishi. Nakaa chini, namuuliza anachoogopa.

Mchana ule ule, Mjomba alipokwisha shuka, Mama alikanyaga udongo na maji uani, tukaenda kuuziba ufa. Nilikuwa nampa matonge, yeye anayasukuma ndani na kuyalainisha kwa kiganja. Upande wa pili kulikuwa kimya.

"Hebu nihesabie," akasema, bila kugeuka. "Nijue tumetumia mangapi."

Nilishika tonge la kwanza, baridi, linachuruzika maji mpaka kwenye kiwiko. Nikaenda nalo hadi mlangoni, nikatazama njia. Ukungu ulikuwa umeinuka. Niliiona yote, mpaka inapokata kona chini kwenye migomba, na hapakuwa na mtu.

Nikarudi. "Moja," nikasema.